Vichupa vitano: likizo yangu ya kuchota mchanga wa Dar

Mjomba wangu alikuwa baharia miaka ishirini na sita. Hakurudi na gari wala nyumba ya ghorofa. Alirudi na mguu mbovu, redio ya mawimbi mafupi, na vichupa kumi na kimoja vya mchanga vilivyopangwa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwake Mbagala. Kila kichupa kina kipande cha plasta ya kidonda kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu: Tenerife, Bermuda, Tampa, Cagliari, na kadhalika. Wa Tenerife ni mweusi kama vumbi la mkaa. Wa Bermuda una wekundu wa mbali, kama maji uliyosuuzia kanga mpya. Wa Tampa, ambao hasa aliuchota ufukwe wa Siesta Key kusini ya bandari ile, ni mweupe utadhani unga wa sembe. Upo pia wa kijani. Huo hakuuchota mwenyewe, alipewa na baharia Mfilipino aliyekuwa ametoka Hawaii, nao unafanana na chupa ya bia iliyosagwa.

Desemba tulikwenda kumjulia hali. Mwanangu wa darasa la nne akapanda kiti, akavisoma vyote, kisha akauliza: "Babu, wa kwetu uko wapi?"

Mjomba akacheka. "Wa kwetu tunaukanyaga, nani atauweka chupani?" Lakini tulipokuwa tunaaga akanishika mkono mlangoni. "Mpwa wangu, kumbe kweli. Niletee."

Basi likizo yangu ya Februari ikapata kazi. Nafanya kazi duka la dawa, kwa hiyo vichupa havikunisumbua. Nilichukua vitano. Nikaongeza lenzi ninayosomea maandishi madogo ya vikaratasi vya dawa, sumaku niliyouziwa shilingi 1,000 na fundi redio wa mtaa wa Gerezani (aliing'oa kwenye spika iliyokufa mbele yangu), daftari, na chupa ndogo ya siki. Haya ninayaandika baada ya kurudi, daftari likiwa mapajani na simu imejaa picha za mchanga ambazo mume wangu anasema zote ni picha moja.

Siku ya 1, Jumamosi: Coco Beach

Kutoka Tabata nilipanda daladala mbili hadi kituo cha Morocco, kisha bodaboda ya shilingi 2,000. Nilifika saa kumi jioni. Kwa kuchota mchanga ni saa mbaya, kwa mihogo ni saa nzuri. Nikaanza na mihogo.

Kijana aliyenikaangia alinipa sahani ya 2,000 yenye kachumbari, pilipili ya kuwasha masikio na vipande viwili vya ndimu. Siki nilikuwa nimeisahau nyumbani. Sikumbuki kama nilifikiri au mkono ulikwenda wenyewe, ila nilichota mchanga kwenye kifuniko cha soda nikaukamulia ndimu, nikainama na lenzi.

"Dada, mchanga nao unautilia ndimu?" kijana akauliza. Nikamwita aje aone.

Kwa macho ya kawaida mchanga wa Coco ni kahawia iliyopauka, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Kwa lenzi haupo hivyo kabisa. Punje nyingi ni kama vipande vya kioo, nyingine safi, nyingine zimepakwa utando wa njano-kahawia. Katikati yake kuna vipande vyeupe visivyong'aa: magamba ya konokono, miiba ya urumbu wa bahari, matumbawe yaliyovunjika. Ndimu ilipowafikia hao weupe, vikatoka vipovu vidogo mno, kimoja hapa kimoja pale. Vile vya kioo havikujali.

Siri ya rangi za mchanga, pale Coco na kokote duniani, imo ndani ya kifuniko kile cha soda. Mchanga hauzaliwi na bahari. Unatoka kwenye majiko mawili. Jiko la kwanza liko bara: miamba inapasuka kwa jua na mvua, mito inabeba vipande, na njiani vile dhaifu vinaoza kuwa udongo. Kinachofika pwani zaidi ni kwatsi, madini magumu yanayofanana na kioo, ambayo maji na tindikali za kawaida hazina la kuyafanya. Kwatsi yenyewe haina rangi. Kahawia unayoiona ni kutu ya chuma iliyojipaka juu ya punje, kutu ileile inayofanya udongo wetu uwe mwekundu. Jiko la pili liko baharini, nalo linapika chokaa: magamba, matumbawe, mifupa ya viumbe. Chokaa ndiyo inayotoa povu ikikutana na ndimu au siki.

Coco inakula majiko yote mawili. Hata mwamba ule uliochongoka ufukweni, unaokata viatu, ni matumbawe ya kale yaliyoota wakati bahari ilikuwa juu zaidi, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Unamegeka kidogo kidogo na kuongeza chokaa kwenye mchanganyiko.

Kijana wa mihogo alitazama kwa lenzi muda mrefu kuliko mimi, mpaka mteja akamfokea kwamba muhogo unaungua. Akanikatalia nisilipe ndimu za nyongeza.

Kwa atakayefuata: nenda asubuhi maji yakiwa yametoka. Jioni unachota mchanga pamoja na vifuniko, vijiti vya mishikaki na vipande vya plastiki. Nilitumia nusu saa kuchambua kichupa kimoja.

Siku ya 2, Jumapili: Bongoyo

Boti za kisiwa cha Bongoyo huondoka upande wa Msasani. Niliambiwa saa tatu asubuhi, na saa tatu nilikuwepo na siki yangu mfukoni. Tuliondoka saa nne na nusu. Nahodha alikuwa anasubiri abiria watimie, na abiria nao walikuwa wanasubiri mmoja wao aliyerudi kununua barafu. Nauli ya boti ndiyo inayouma. Kiingilio cha Mtanzania hakitishi, ila uwe na kitambulisho, la sivyo mtabishana hadi jua liwe utosini. Kwa jumla, pamoja na samaki wa kuchoma, siku hii ilinigharimu zaidi ya nyingine zote zikijumlishwa.

Safari yenyewe ni kama nusu saa. Kaskazi ilikuwa inavuma, tukalowa kidogo.

Halafu ule weupe. Nimezaliwa Dar, na kila nikifika Bongoyo nashangaa kwamba kutoka pale naona majengo ya Msasani, lakini ardhi ninayokanyaga ni nyingine kabisa. Mchanga ni mweupe wenye krimu kwa mbali, na saa sita mchana ulikuwa unakanyagika bila viatu, kwa kuwa weupe unarudisha mwanga badala ya kuunywa. Hapa hakuna mto. Kisiwa chenyewe ni matumbawe, kimezungukwa na matumbawe. Jiko la bara halifikishi chochote cha maana, kwa hiyo linalopika ni lile la baharini peke yake.

Na mpishi mkuu mmoja tunamjua, tunamla: pono. Samaki yule mwenye mdomo kama kasuku, wa bluu na kijani. Anakwangua mwani juu ya matumbawe, na katika kukwangua anang'oa na jiwe lenyewe. Kooni ana meno mengine ya kusagia. Anachohitaji anakibakiza, jiwe lililosagika linatoka nyuma likiwa mchanga mweupe. Kwenye mwamba mmoja wa Maldivi watafiti walikuta kwamba pono walitoa zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Nilipomsimulia hayo mama mmoja aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka na wajukuu, aliinuka akajipangusa. "Yaani hapa nimelalia mavi ya samaki?" Kwa kiasi kikubwa, ndiyo mama.

Utauliza: matumbawe yakiwa hai yana rangi zote, kahawia, zambarau, njano, mbona mchanga wake mweupe? Rangi ile ni ya nyama ya mdudu na ya mwani mdogo anayeishi ndani yake. Akifa, nyama na mwani vinaondoka, linabaki fupa la chokaa.

Nikatoa kichupa. Kabla sijainama sawasawa, askari wa hifadhi alikuwa ameshasimama mbele yangu.

"Dada, hicho cha nini?"

Nikamweleza habari ya mjomba, kabati, mwanangu, yote. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akasema haitawezekana. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na huondoki na gamba, wala tumbawe, wala mchanga. Nikasema ni kichupa tu, gramu hamsini. Akanionyesha ufukwe kwa mkono: siku hiyo walikuwepo watu zaidi ya mia moja. "Kila mmoja na mjomba wake," akasema.

Sikuwa na jibu. Akaniruhusu kufanya jaribio palepale: kidole cha mchanga kwenye kifuniko, matone ya siki. Ulifoka. Si vipovu vya kuhesabu kama vya Coco, ulifoka kama soda iliyotikiswa, na baada ya muda kilichobaki kilikuwa maji ya ukungu na punje mbili tatu za kioo. Askari mwenyewe alipiga picha kwa simu yake. Kichupa nikakirudisha mfukoni kitupu.

Kwa atakayefuata: miavuli ya makuti ni michache, wahi. Na muulize nahodha saa ya kurudi mbele ya abiria wengine, ili asije akaibadilisha.

Siku ya 3, Jumatatu: Kunduchi

Njia ya Bagamoyo asubuhi, na ujenzi wa barabara ya mwendokasi. Karibu saa mbili nzima ndani ya daladala. Tuyaache hayo.

Kunduchi nilishukia upande wa soko la samaki. Mchanga wa huku ni wa njano-kahawia, punje kubwa kubwa, na siki haikuupa taabu: povu kidogo sana. Karibu wote ni kwatsi. Nilidhani nimemaliza kazi ndani ya dakika ishirini, mpaka nilipomsalimia mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu chini ya mkungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Unatafuta nini kwenye mchanga? Kama ni pete, bahari haikupi."

Nikamweleza. Akaweka sindano ya nyavu chini, akanyoosha kidole baharini, mahali mawimbi yalipokuwa yanavunjika. "Pale tulikuwa tunacheza mpira. Uwanja mzima, na minazi nyuma ya goli." Sikuona kitu ila maji. Akanihesabia: minazi ilianguka mmoja mmoja, kisha njia, kisha hoteli moja kubwa jirani ililazimika kufungwa kwa kuwa bahari iliingia hadi kwenye majengo. Sasa kuna kuta za mawe zimeingizwa baharini kama vidole, kuuzuia mchanga usitembee.

Bahari ina lawama yake, lakini nyingine inalala nyuma ya mgongo wako ukiwa umesimama pale. Fukwe hizi zinalishwa na mito midogo, Tegeta, Mbezi na wenzao, inayoshuka kutoka vilimani. Kwa miaka mingi watu wamechimba mchanga kwenye mito hiyo kwa ajili ya kujenga jiji. Mchanga usipofika ufukweni, mawimbi yanaendelea kuchukua kama kawaida yake, ila hakuna kinachorudishwa. Mzee alilisema kwa ufupi zaidi: "Mshahara umekatwa, matumizi yako palepale."

Hapo nilitamani kunyamaza. Vyumba vyangu viwili vya Tabata vilijengwa kwa tripu za mchanga wa mto. Fundi alikataa kabisa mchanga wa bahari, alisema chumvi inakula nondo na kubandua rangi, na alikuwa sahihi. Wakati ule sikuuliza lori limetoka mto gani. Uwanja wa mpira wa yule mzee, sehemu yake huenda iko kwenye plasta ya ukuta wangu wa sebuleni.

Nilipofika nyumbani usiku nikaukwangua ukuta nyuma ya kabati kwa msumari, nikatazama kwa lenzi. Punje za kioo, nyingine zina utando wa njano. Sikusema kitu kwa mume wangu.

Jambo moja zaidi kuhusu kwatsi hii, kwa sababu limenifurahisha. Mto Msimbazi, ambao ni mkubwa kuliko hiyo midogo, unaanzia vilima vya Pugu, na vilima hivyo ni mawe ya mchanga: yaani mchanga wa zamani sana, ulioletwa na mito ya enzi nyingine kutoka bara, ukalala, ukagandamana, na sasa unamomonyoka upya. Kwa hiyo sehemu ya mchanga wa Dar ni mtumba. Umeshavaliwa na pwani nyingine kabla yetu. Na ule udongo mweupe maarufu wa Pugu, unaofaa kutengenezea vyombo vya kauri, ni ndugu aliyeoza. Mwamba wa asili ulikuwa na kwatsi na madini mengine, feldispa, pamoja. Feldispa ikaoza ikawa udongo mweupe, kwatsi ikabaki punje. Wakatengana, mmoja akawa kikombe, mwingine ukuta wa Tabata.

Chakula: kipande cha nguru wa kukaanga na ndizi kwa mama mmoja nyuma ya soko, 5,000. Aliniongezea mchuzi bila kuombwa.

Siku ya 4, Jumanne: Kigamboni, upande wa kusini

Pantoni ya Magogoni, shilingi 200, na foleni ya kuingia ilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe. Nilivuka nimebanwa kati ya pikipiki yenye kuku na bwana aliyebeba godoro. Ng'ambo nikapanda gari la Kimbiji. Kuelekea kusini majumba yanapungua, minazi inaongezeka.

Nilishuka kabla ya mwisho wa njia, nikachukua bajaji kwenda ufukweni. Tairi likapasuka katikati ya mashamba. Dereva hakuwa na la akiba. Akaondoka na tairi begani kama mkoba, akaniambia dakika ishirini. Nilikaa pale saa moja na dakika arobaini.

Nyumba ya karibu ilikuwa na mama anapepeta mchele kibarazani. Alinitazama mara moja tu, akamtuma mtoto aniletee kigoda, kisha dafu, kisha bila kuuliza, sahani ya wali na kisamvu cha nazi. Nilijaribu kuacha 5,000 chini ya sahani, akamtuma mtoto anifukuzie nayo barabarani. Sikulijua jina lake na nikaona si vizuri kuuliza mwishoni kabisa, kana kwamba naandika risiti.

Ila ndiye aliyenifundisha kitu kikubwa cha safari hii. Nilimwambia nimeambiwa huku kuna mchanga wenye weusi. "Upo," akasema, "hasa bahari ikichafuka. Unakaa mistari mistari." Nikamuuliza kwa nini mistari. Akatingisha ungo mkononi: pumba zikaruka mbele, mchele ukarudi. "Si kama hivi?"

Ndivyo kabisa. Ufukwe nilioufikia hatimaye ulikuwa wa kahawia ya kawaida, lakini juu, karibu na mahali maji makuu yanapoishia, kulikuwa na mistari ya weusi wa risasi ya penseli, mipana kama kiganja, mingine yenye wekundu-zambarau ukingoni. Mawimbi yanapanda na kila kitu. Yanaporudi yanakuwa na nguvu ndogo, yanashuka na punje nyepesi za kwatsi, yale mazito yanabaki. Kwa ujazo uleule, magnetaiti, madini meusi ya chuma yanayovutwa na sumaku, ina uzito wa karibu mara mbili ya kwatsi. Kila wimbi ni tingisho moja la ungo.

Niliishusha sumaku ya spika, nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni. (Usisahau mfuko. Punje zikigusa sumaku yenyewe hutazitoa hadi kiama.) Ikainuka imeota ndevu nyeusi. Lakini weusi mwingi ulibaki chini haujashtuka: ilmenaiti, ambayo ina chuma pia pamoja na metali iitwayo titani, ila sumaku ya kawaida haiivuti sawasawa. Punje za wekundu-zambarau ni ganeti, dada mdogo wa vito vinavyovaliwa pete. Si jambo la watoto hili. Eneo la Fungoni, hukohuko Kigamboni, limepimwa na kampuni za madini kwa ajili ya mchanga mzito wa namna hii, wenye ilmenaiti na madini mengine mazito, rutaili na zikoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba weusi wa kichupa cha Tenerife na weusi wa Kigamboni si ndugu hata kidogo. Tenerife ni kisiwa cha volkano. Pale jiwe lenyewe lote ni jeusi, lava iliyoganda na kusagwa, kwa hiyo hakuna cha kuchambua. Kwetu weusi ni punje chache zilizokusanywa na ungo kutoka kwenye mchanga wa kahawia. Ndugu yetu hasa, kwa tabia, ni ule wa kijani wa Hawaii. Ufukwe wa Papakōlea umekaa ubavuni mwa kilima cha majivu ya volkano chenye punje za madini ya kijani yaitwayo olivini. Bahari inabomoa kilima, inapeperusha majivu mepesi, inaacha olivini ambayo ni nzito. Ungo uleule. Tofauti ni kwamba olivini haidumu kama kwatsi, inaoza upesi, ndiyo maana fukwe za kijani ni chache duniani: bila kilima cha kuendelea kubomoa, rangi ingekwisha.

Narudi na gari la mwisho mwisho. Kwenye pantoni niligundua kifuniko kimelegea na robo ya mchanga wa Kigamboni iko ndani ya pochi, pamoja na funguo. Sumaku ilikuwa imejikusanyia sehemu yake.

Siku ya 5, Jumatano: Bagamoyo

Najua si Dar. Lakini ukiacha kile kitupu cha Bongoyo, kilikuwa kimebaki kichupa kimoja, na basi la stendi ya Makumbusho lilikuwa linaita.

Sina mengi. Magofu wengine wameyaandika vizuri kuliko mimi. Mchanga pale mjini ni wa kijivu-kahawia, laini, una tope, na ukiugeuza juani unametameta. Vimeto hivyo ni ulanga, vile vigamba vyembamba vinavyobanduka kama karatasi. Kaskazini kidogo ya mji Mto Ruvu unaingia baharini, nao unakusanya maji ya milima ya Uluguru, yenye miamba ya ulanga na ganeti. Unaosha miguu Bagamoyo, unajipaka Morogoro. Mvua ikanikuta stendi, nikala chapati mbili na maharage, nikalala njia nzima kurudi.

Jumapili: Mbagala

Mjomba alikuwa ameshapangusa kabati. Alivipanga vichupa vyangu upande wa kushoto, akavaa miwani, akachukua lenzi yangu na kuanza na vyake mwenyewe, ambavyo katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvitazama kwa karibu. Kwenye Bermuda alikaa sana. Ni mchanga wa chokaa wenye vipande vyekundu, magamba ya viumbe vya chembe moja wanaoishi mwambani. Wekundu wao ukichanganyika na weupe, ndiyo ile rangi ya kanga. Mwanangu alitaka tuutilie siki. Mjomba alikataa katakata. Siesta Key, alipoambiwa kwamba pamoja na weupe wote ule hautafoka kwa sababu ni karibu kwatsi tupu iliyooshwa na kusagika hadi ikawa safi, aliruhusu punje chache. Haukufoka. Alifurahi kama aliyeshinda kesi.

Kisha akakiona kichupa kitupu.

Nilimweleza habari ya askari wa Bongoyo na watu mia moja wenye wajomba mia moja. Nikamwambia pia kwamba si kwetu tu: Sardinia, tangu mwaka 2017, ukikamatwa na mchanga unatozwa faini ya kuanzia euro 500 hadi 3,000, na ufukwe wa waridi wa Budelli huruhusiwi hata kuukanyaga.

"Sardinia ipi?" akauliza. "Ya Cagliari?"

"Ndiyo, mjomba."

Akakaa kimya. Akakata kipande cha plasta, akaandika *Bongoyo*, akakibandika kwenye kichupa kitupu na kukiweka katikati ya vingine. Halafu akanyanyua mkono taratibu, akakigeuza kile cha Cagliari, maandishi yakaangalia ukutani.

"Mimi nilichota mwaka 1983," akasema. "Sheria ilikuwa haijaja."